Kebo ya antena haitibu SWR, mpaka ujue unakata nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wasomaji wenye leseni ya redio ya ridhaa, pamoja na wale wanaojiandaa kuiomba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au UCC ya Uganda. Upo ushauri unaotembea sana kwa wanaoanza: mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ni hakuna inayorudi) ikionyesha 2 au 3, kata kebo nusu mita, pima, kata tena, mpaka sindano ishuke. Kebo ya mita 30 huishia vipande kwa namna hiyo. Baya zaidi, wakati mwingine sindano inashuka kweli, na ndiyo sababu ushauri huu hauishi. Nataka kueleza kwa nini inashuka, kwa nini kushuka huko mara nyingi ni dalili ya ubovu, na ni wapi hasa urefu wa njia ya kulishia antena unafanya kazi ya maana.

Tuanze na kebo ya koaksi (waya wa katikati, plastiki, kisha neti ya waya kuizunguka) ya omu 50, RG-58 au RG-213. Chukua antena ambayo katikati yake ina omu 100. SWR hapo ni 2. Ukipima chini, mwisho wa kebo yenye urefu wa nusu wimbi, chombo kitasoma omu 100 zilezile. Kebo ikiwa robo wimbi, kitasoma omu 25. Ikiwa thumuni ya wimbi, kitasoma omu 40 zikiambatana na omu 30 za upande wa kapasita. Impedansi (yaani omu zinazoonwa na redio) tatu tofauti kabisa, na zote tatu ukizipeleka kwenye mita ya SWR ya omu 50 zinatoa jibu moja: 2. Kebo imezungusha impedansi bila kupunguza sehemu ya nguvu inayorudishwa na antena. Kumkatia kebo mgonjwa ambaye ni antena ni sawa na kumnywesha dawa jirani yake.

Sasa, sindano inashukaje? Sababu ya kwanza ni upotevu. RG-58 katika megahezi 28 hupoteza kama desibeli 2.5 kwa kila mita 30. Nguvu inapungua ikipanda, na ile inayorudishwa inapungua tena ikishuka. Antena yenye SWR ya 5 kule juu, ikisomwa chini ya kebo hiyo ya mita 30, itaonyesha kama 2.2. Mwenye redio anafurahi. Kwa hesabu hiyohiyo, mtu anayeongeza kebo ili SWR ipendeze anapasha joto plastiki na shaba. Kebo iliyoingia maji hufanya vizuri zaidi kwenye mita: kadiri inavyooza ndivyo SWR inavyokaribia 1. Ukiona SWR nzuri isiyobadilika toka megahezi 7 hadi 30 kwenye dipoli (antena ya waya inayolishwa katikati) ya bendi moja, usishangilie, fungua konekta ya juu uangalie rangi ya neti. Ikiwa nyeusi au kijani, kebo hiyo imekwisha. Mwambao mzima, kwa chumvi ya bahari, unalijua tatizo hili kuliko bara.

Sababu ya pili ndiyo inayowasumbua wengi, nayo ni mkondo unaotembea juu ya neti kwa upande wa nje. Dipoli ina mikono miwili iliyo sawa, koaksi haina. Pale juu, sehemu ya mkondo uliokusudiwa mkono mmoja inateremka juu ya neti hadi kwenye redio, na kebo yenyewe inakuwa mkono wa tatu wa antena. Hapo kukata kebo kunabadilisha SWR kwa sababu unakata antena pasipo kujua. Dalili zake ni maikrofoni kuwasha midomo, taa za LED kupepesa unapozungumza, spika ya jirani kutoa mlio, na sindano kubadilika ukiishika kebo kwa mkono au ukiisogeza ukutani.

Kipimo chake ni rahisi. Tengeneza kipande cha RG-58 cha mita 3.5 chenye konekta PL-259 pande zote mbili. Kwa megahezi 7.1 hiyo ni thumuni ya wimbi. Pima SWR, kisha ongeza kipande hicho kati ya mita na kebo, upime tena. Masomo ya mita yakilingana, au yakipishana kwa 0.1 hivi, kebo haina neno. Yakiruka toka 1.5 hadi 2.5, neti inatoa mawimbi. Dawa yake ni choki, kizuizi cha mkondo huo wa nje: zamu 10 hadi 12 za RG-58 kwenye gurudumu la feraiti FT240-31, lenye kipenyo cha nje cha milimita 61, lifungwe palepale kebo inapokutana na dipoli. Kuna wanaoviringa kebo tupu bila feraiti kwenye bomba la maji taka. Inafanya kazi, lakini kwa sehemu finyu ya masafa tu, na anayetaka bendi nne ataumia.

Choki ikishafungwa, antena ndiyo inayokatwa. Dipoli ya waya mtupu huanza na 143 gawanya kwa megahezi: kwa 7.1 unapata mita 20.1 kwa jumla, yaani 10.05 kila upande. Waya wa umeme wa nyumbani wenye plastiki huhitaji kupunguzwa asilimia 2 hadi 3, ila usikate mapema. Acha sentimita 30 za ziada kila mkono, uzikunje nyuma na kuzizungushia waya wenyewe. Pandisha, tafuta masafa ambayo SWR ni ndogo kabisa, halafu piga hesabu badala ya kubahatisha. Kama chini kabisa iko 6.95 nawe unataka 7.10, gawanya 6.95 kwa 7.10 upate 0.979. Mita 20.1 mara 0.979 ni 19.68. Kwa hiyo punguza sentimita 21 kila upande. Mara moja au mbili hivi, kazi imekwisha. Na kumbuka sisi huku tuko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), bendi ya mita 40 kwetu ni megahezi 7.000 hadi 7.200, mwongozo wa Marekani unaokwenda hadi 7.300 usikuvute kukata dipoli ya 7.15.

Hapo juu nimetaja nusu wimbi na robo wimbi, na humo ndimo hesabu nyingi za watu huharibika, kwa sababu wimbi ndani ya kebo halitembei kwa kasi ya hewani. Nusu wimbi kwa mita ni 150 gawanya kwa megahezi, kisha zidisha kwa kigezo cha kasi cha kebo. Robo wimbi ni 75 badala ya 150. RG-58 na RG-213 zenye plastiki ngumu ndani zina kigezo cha 0.66; kebo za plastiki ya povu huanzia 0.78 na kupanda. Kwa 7.1, nusu wimbi la RG-58 ni mita 13.94. Aliyesahau kigezo atakata mita 21.1 na kushangaa.

Usiamini sana kilichochapwa kwenye kebo ya dukani. Chukua kipande cha mita 10 kamili, acha mwisho wa mbali wazi, unganisha mwisho mwingine kwenye NanoVNA au chombo chochote cha kupimia antena, kisha tafuta masafa ya chini kabisa ambayo impedansi inaanguka karibu na sifuri. Hapo kebo ni robo wimbi. Zidisha urefu kwa megahezi, gawanya kwa 75. Ikianguka kwenye 4.95, kigezo ni 0.66. Ikianguka kwenye 6.2, kigezo ni karibu 0.83, na hiyo ni kebo ya povu hata kama imeandikwa RG-58.

Kuna kazi moja ndogo ambayo urefu wa koaksi unaifanya vizuri. Kipande cha robo wimbi cha kebo ya omu 75 hugeuza impedansi: 75 mara 75, gawanya kwa omu za antena. Antena ya kitanzi cha wimbi zima huwa na omu 100 hadi 120. Ikiwa 112, kipande hicho kinaitoa ikiwa omu 50. Kwa megahezi 14.2, RG-59 ya plastiki ngumu ikatwe mita 3.49, na RG-6 ya povu yenye kigezo 0.83 ikatwe 4.38. RG-6 ni ile kebo ya dishi inayouzwa kila mtaa kwa bei ndogo. Tatizo lake ni neti: nyingi ni aluminiamu, haikubali kulehemiwa, kwa hiyo tumia konekta F za kubana na adapta. Anayejaribu kuichomea risasi atayeyusha povu, waya wa katikati utagusa neti, na atailaumu antena.

Nimefika kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Mahali urefu wa njia ya kulishia unapotawala kila kitu ni kwenye waya mbili sambamba, zile tunazoziita ngazi. Mwingereza Louis Varney, alama ya wito G5RV, aliijenga antena yake maarufu juu ya wazo hilo: mita 31.1 za waya juu, na ngazi ya nusu wimbi la megahezi 14 ikining'inia katikati. Katika miaka ya 1980 Brian Austin wa Afrika Kusini, ZS6BKW, aliyakokotoa upya kwa kompyuta marefu ya sehemu zote mbili, juu na ngazi, akapata bendi zaidi zinazokubali omu 50 bila tyuna (kisanduku cha kulinganisha impedansi na redio). Watu huzinunua zikiwa tayari kisha wanaikata ngazi ili ifike dirishani. Wakishaikata, antena hiyo si ya Varney wala ya Austin.

Lakini huhitaji kununua. Dipoli ileile ya mita 20 uliyoikata kwa 7.1 inaweza kukupa bendi za mita 40, 20, 15 na 10 (megahezi 7, 14, 21 na 28), ukibadilisha urefu wa ngazi tu. Sababu ni hii. Katika 7.1 dipoli ni nusu wimbi, na katikati yake pana omu chache, 50 hadi 70. Katika 14 inakuwa wimbi zima, na katikati yake panaruka hadi omu 3,000, hata 6,000. Katika 21 panarudi kama omu 100, katika 28 panapanda tena. Ukiilisha kwa RG-58 tupu ya mita 20 katika 14, SWR juu ya kebo hiyo inafika 90 hivi, na kati ya wati 100 zinazotoka kwenye redio, zitakazofika kwenye waya hazifiki 10. Tyuna iliyo mezani itaonyesha SWR ya 1 na kila kitu kitaonekana shwari.

Ngazi ya omu 450 haijali SWR ya 8 au 10. Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 20, upotevu katika 7 haufiki robo desibeli, na katika 28 haufiki desibeli moja. Halafu, juu ya ngazi kuna sehemu ambazo mkondo ni mkubwa na volti ni ndogo. Hapo impedansi ni 450 gawanya kwa SWR ya ngazi. SWR ikiwa 9, unapata omu 50. Kazi yote ni kuhakikisha sehemu hiyo inaangukia pale ngazi inapokutana na redio, katika kila bendi.

Ujenzi wake hauhitaji duka la ng'ambo. Waya moja wa umeme wa 1.5, kipenyo cha shaba milimita 1.4, ukiuweka sambamba na mwenzake kwa umbali wa milimita 30 toka katikati hadi katikati, unatoa omu 450. Ukitumia 2.5, umbali uwe milimita 38. Vihami vya kuzitenganisha vikatwe kwenye bomba la PVC la kupitishia nyaya za nyumba, vitobolewe pande mbili, vifungwe kila baada ya sentimita 30 au 40. PVC nyeupe hupasuka kwa jua baada ya muda, kwa hiyo kagua kila mwaka. Nunua roli ya mita 100 ya waya: ngazi na vipande vya ziada vitakula mita 60, dipoli mita 21, na inabaki akiba. Waya wa plastiki hupunguza kigezo cha kasi. Waya mtupu ni karibu 0.97, wenye plastiki shuka hadi 0.95 au chini kidogo. Pima kwa njia ile ya mita 10 niliyoeleza. Nitaendelea kwa 0.95.

Katika 7.1 tunataka nusu wimbi, kwa sababu nusu wimbi hurudia kile kilicho juu: 150 gawanya 7.1 mara 0.95 ni mita 20.07. Huo ndio urefu wa msingi, kutoka dipoli hadi dirishani.

Katika 14.1 hali ni kinyume, juu kuna maelfu ya omu, tunahitaji idadi witiri ya robo wimbi ili yageuzwe kuwa kidogo. Robo moja ni mita 5.05. Robo tano ni 25.27. Tayari tunazo 20.07, kwa hiyo zinakosekana 5.2, andaa 5.3 kwa sababu dipoli ya 20.1 ni fupi kidogo kwa wimbi zima la 14.1. Impedansi itakayotoka ni omu 35 hadi 70.

Katika 21.2 tungetarajia nusu wimbi tatu, yaani 20.17, karibu sawa na msingi. Hapa ndipo wengi hukwama, wanasoma vitabuni kwamba dipoli ya mita 40 inakubali bendi ya mita 15 bila kuguswa, kisha mita inakataa. Dipoli hupunguzwa na ncha zake mbili tu, si kwa kila nusu wimbi lililomo ndani yake. Iliyokatwa kwa 7.1 hukaa sawa katika 22 na si katika 21.2, kwa hiyo kwenye 21.2 ina upande wa kapasita. Ongeza karibu mita moja ya ngazi na upande huo unafutika. Utapata kama omu 90, SWR chini ya 2, na redio nyingi zinakubali.

Katika 28.4 robo ni mita 2.51, robo tisa ni 22.58, na kidogo cha ncha, hivyo 22.7. Ziada ni mita 2.6.

Basi una msingi wa mita 20, na vipande vitatu: 1, 2.6 na 5.3. Kila kipande kitiwe plagi za milimita 4 upande mmoja na soketi upande wa pili, na msingi wenyewe uishie kwenye soketi. Ukihama bendi unachomeka kipande kimoja kati ya msingi na choki. Swichi inawezekana, ila kila kipande kinahitaji kuhamishwa ncha zote nne, yaani swichi mbili za nguzo mbili, na zile ndogo za plastiki za taa hazifai. Kwa wati 100 na SWR ya 10, volti za kilele kwenye ngazi zinapita 900 mahali zinapokuwa kubwa. Kwa hiyo usibadilishe chochote huku umebonyeza kitufe cha kurusha, na plagi zisiwe mahali mtoto anapofika.

Anza kurekebisha mita 40 ukiwa umeshaikata dipoli kwa koaksi na choki kama nilivyoeleza mwanzo. Ukiirekebisha dipoli na ngazi kwa pamoja, kosa la moja litafichwa na kosa la nyingine. Ukishafunga ngazi, tafuta masafa ya SWR ndogo. Yakiwa juu ya 7.1, ngazi ni fupi. Yakiwa chini, ni ndefu. Kisha vipande: kata kila kimoja kikiwa kirefu kwa sentimita 40, punguza 10 kila mara. Katika 7 sentimita 10 hazina maana yoyote. Katika 28 utaziona waziwazi. Bendi ya mita 10 ina upana wa kilohezi 1,700, na kipande kilichokaa vizuri kwenye 28.4 hakitakaa kwenye 29.6. Anayependa FM kule juu akate kipande kingine, kifupi zaidi.

Chini ya ngazi weka choki ya 1 kwa 1 (isiyobadilisha omu), ileile ya FT240-31, kisha koaksi fupi hadi redioni, isizidi mita 3. Hapa maduka huuza baluni (kiungo cha ngazi na koaksi) ya 4 kwa 1, inayogawanya omu kwa nne, kwa hoja kwamba ngazi ni omu 450. Hoja hiyo ingefaa kama antena ingekuwa omu 450 pia. Sisi tumechagua sehemu za omu 35 hadi 90; baluni ya 4 kwa 1 itazishusha hadi 9 au 22, na utakuwa umeharibu ulichokuwa umepata.

Njia ya kupitishia ngazi ina masharti ambayo koaksi haina. Iteremke kutoka dipoli kwa pembe mraba mita kadhaa kabla ya kukunja. Iwe mbali na mabati, nondo za dirisha, mabomba na kebo nyingine kwa sentimita 20 angalau. Isilale chini na isiviringwe, mita 5.3 za ziada zitandazwe kama tao kubwa kwenye ukuta, pande zake ziachane sentimita 30. Isokotwe nusu zamu kwa kila mita ili upepo usiipige. Ikibidi kupita dirishani, toboa fremu ya mbao matundu mawili yenye nafasi ya milimita 30, si tundu moja. Kwa nguzo ya mita 10 katikati ya kiwanja, mita 20 za ngazi zinatosha kushuka na kwenda nyumbani kwa mshazari. Kama nyumba iko karibu mno na nguzo, usikate ngazi: ipeleke zigizaga kwenye kamba za nailoni, yenye kona pana.

Mvua ya masika itahamisha masomo kidogo. Ngazi ya kiwandani yenye plastiki yenye madirisha huathirika zaidi kwa sababu maji hukaa juu ya plastiki baina ya waya. Ile ya kujitengenezea yenye vihami vichache haisumbui sana. Ikiwa SWR inapanda kila mvua na inachukua siku mbili kurudi, kosa si la ngazi. Ni konekta ya koaksi iliyoachwa bila tepu ya mpira.

Radi ni suala jingine, na kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria halina mjadala. Wingu likianza kuunguruma, chomoa ngazi kwenye soketi na uitupe nje ya dirisha, mbali na ukuta. Kuizima redio hakutoshi. Nguzo isimame mahali ambapo ikianguka upande wowote, wala yenyewe wala waya wake havifikii nyaya za umeme za mtaani.

Mpenda redio ya ridhaa,
Tanga